Nimwamkie mkuu wa waliomuua mdogo wangu, ndipo kaburi lijengwe

Ndugu wasomaji, nimemwomba mhariri wa ukurasa huu asilitoe jina langu, na amekubali. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nauza chai na chapati kando ya barabara kuu pale Mikumi. Mama yangu anaishi Chanzuru, karibu na Kilosa mjini. Ninachowaandikia kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki, hata chakula ninachopika mwenyewe sikitamani.

Mdogo wangu, nimwite Sefu, alikuwa fundi baiskeli. Tangu mambo yawe ruksa na mitumba ijae kila gulio, naye alijinunulia koti la mabakamabaka, kama la askari wa jeshi, mnadani Dumila. Hakujua kama ni kosa. Alilipenda kwa sababu lilikuwa na mifuko mingi ya kutia spana. Siku moja gari la askari lilisimama Mikumi, wakamwona. Walimvua lile koti, wakalikunja vizuri, wakaliweka garini. Kisha wakampiga mateke na mikanda mbele ya watu waliokuwa wanakunywa chai kwangu, nami nawapigia magoti. Alifia hospitalini kesho yake. Mkuu wa kambi yao alipoulizwa alisema vijana wake walikuwa kazini. Likaishia hapo.

Mwaka wa kwanza baada ya msiba tuliomba kibali, tukatembea kimya kutoka sokoni Kilosa hadi makaburini Chanzuru. Mafundi wenzake walikokota baiskeli zao, kina mama wa sokoni wakajifunga kaniki. Mbele tulibeba bango moja la manila: SEFU ALIKUWA FUNDI BAISKELI. NANI ALIMUUA? Hakuna aliyehutubia. Tulisoma dua, tukalia, tukarudi. Siku ile nilipata nafuu kidogo.

Mwaka wa pili mjomba wangu akaunda kamati. Mnajua tulivyo, hatuwezi kukusanyika bila mgeni rasmi. Kamati ikaenda kuomba inakojua yenyewe, na mgeni waliyempata ni yule yule mkuu wa kambi. Nilidhani mjomba ananitania.

"Mjomba, si ndiye aliyesema walikuwa kazini?"

"Ndiyo maana tumemwita, mwanangu. Akija mwenyewe ni heshima kwetu."

Heshima. Siku ilipofika walifunga turubai, mgeni akakalishwa kwenye kochi la kuazima, mama mzazi wa marehemu akawekwa mkekani nyuma. Bango letu sikuliona, palitundikwa kitambaa cha kumkaribisha mgeni. Mgeni akahutubia, akawaasa vijana wawe waangalifu wanapochagua nguo za mitumba. Watu wakapiga makofi. Nasema walipiga makofi, na kaburi la Sefu linaonekana pale tulipokaa.

Mjomba akanishika mkono akanisogeza mbele. "Huyu ndiye dada wa marehemu. Haya, mwamkie mgeni." Nikamtazama yule mtu usoni na shikamoo haikutoka. Alisubiri mpaka mjomba akaanza kucheka peke yake. Pilau lilipoletwa nilimwona mjomba anamchambulia mgeni nyama za mbavu kwa vidole vyake, huku anajilamba mafuta. Nilikwenda nyuma ya turubai nikatapika.

Baada ya hapo mnadhani watu walizungumza habari za waliomuua Sefu? Walinizungumza mimi. Eti sina adabu, nimemnyima mtu mzima shikamoo. Mpaka Mikumi kuna wateja wanaoniuliza kama ni kweli, huku wanatafuna chapati zangu, wengine ni wale wale waliokuwepo siku anapigwa na hawakunyanyuka. Wananitia kinyaa. Nawamiminia chai bila kuwatazama.

Sasa kumbukumbu imekaribia tena. Mvua zimelididimiza kaburi, na mgeni ameahidi kulijengea. Mjomba anasema sharti ni moja, nimwamkie mbele ya watu na kumwomba radhi. Nisipofanya hivyo, mimi ndiye nitakuwa nimemnyima ndugu yangu kaburi. Mafundi baiskeli nao wamenifuata, wanataka siku hiyo hiyo tutembee na bango letu kama mwanzo. Bila mimi hawaendi, kwa sababu marehemu ni wangu.

Juzi nilikwenda Chanzuru nikijua mama atakuwa upande wangu. Nikakuta mifuko ya saruji imeshapangwa chumbani kwake, ameifunika kwa khanga zake isipate unyevu.

"Mama, hii saruji ni ya waliomuua Sefu."

"Najua. Wao ndio waliomlaza pale, acha wamjengee. Mimi mvua ikinyesha silali."

"Na hiyo shikamoo anayoitaka?"

Mama akaiweka sawa khanga iliyokuwa imeteleza. Akasema, "Mbona mimi nilimpa, alipoileta hii mifuko."

Mama yangu ana mvi kichwa kizima. Yule mtu ni wa kumzaa kabisa, na alipoamkiwa aliitikia marahaba.

Wasomaji, nishikeni mkono. Nibebe bango na mafundi, mama abaki peke yake chini ya turubai lao, au nilitamke lile neno ili alale mvua ikinyesha? Niambieni la kufanya, kwa maana mimi nikifikiri naishia kutapika.