Nusu ya Kaniki

Mwezi uliopita nilirudi Igogo, Mwanza, na nikuambie ukweli mapema: sikurudi kwa mapenzi. Shangazi alinipigia simu mara nne. Alikuwa amesikia kwamba vitambaa vyangu vimetundikwa kwenye maonyesho pale mjini, naye anataka kimoja cha sebuleni. Shangazi huyo huyo! Nilicheka mpaka mate yakanipalia.

Ngoja nianzie mwanzo. Nilikulia Kairo, ambako baba alikuwa akisoma. Jirani yetu wa chini alikuwa mshona mahema ya mapambo, mzee mnene aliyenuka vitunguu saumu. Nikitoka shule alinikalisha mkekani, akanifundisha kukata ua la yungiyungi kwa kitambaa, kukunja ukingo wake kwa ncha ya sindano na kulishona juu ya kitambaa kingine kwa mshono usioonekana. Siku tunaondoka alinipa maua saba yaliyokwisha kukatwa. Alitaka niyashone yote, nisiache hata moja. Nikaapa.

Tukarudi Mwanza miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa milango, mitumba inashuka sokoni kwa marobota na kiwanda cha nguo kinapunguza watu. Shangazi alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Wazazi wangu wakaniacha Igogo kwa bibi, alikoishi shangazi pia, wao wakaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Nilipachukia. Watoto waliniita Farao. Nilianika dagaa juu ya mawe mpaka nywele zikanuka ziwa, na shangazi hakuacha kunizomea. Nilichopenda ni michembe ya bibi tu, vile viazi vitamu vikavu, ikichemka asubuhi na harufu yake ya moshi. Jioni nilishona uani, bibi kando yangu akikata viazi vya kukausha.

Maua yangu yalihitaji kitambaa cheusi cha kuyabeba. Katika sanduku la bibi mlikuwa na kaniki. Machoni pangu ilikuwa nguo nyeusi iliyochakaa, basi. Hakuna aliyeniambia kwamba aliirithi kwa mama yake, na kwamba aliivaa siku za kuwatambikia wazee tu. Niliikata katikati, nikachukua nusu.

Nilikuwa nimefika ua la saba shangazi aliponikuta.

"Mama, njoo uone! Mjukuu wako katoka Misri kuja kukata kaniki ya wazee, eti ashone viraka!"

Viraka. Akanipokonya, akakisokomeza kitambaa mafigani, chini ya chungu cha maharage. Pamba ikiungua inanuka vibaya sana. Bibi alisimama mlangoni. Hakunipiga, wala hakunitetea. Aliichukua nusu iliyobaki akaingia ndani. Nilimchukia shangazi tangu siku hiyo, na bibi nikamnunia mpaka wazazi waliponichukua. Alikufa bado nimenuna.

Sasa mwezi uliopita shangazi ananipokea kwa soda na sambusa, ananiita "msanii wetu".

"Shikamoo shangazi," nikamwambia. "Mimi nashona viraka tu."

Hakuona haya hata kidogo. Akaleta mfuko wa plastiki. "Bibi yako aliacha neno kwamba hii upewe wewe. Basi nishonee juu ya hiyo hiyo."

Ilikuwa nusu ya kaniki. Niliigeuza nitafute pale mkasi wangu ulipopita. Ukingo ulikuwa umekunjwa na kushonwa, lakini uzi sikuuona. Ilibidi niuvute kwa kucha ndipo ukajitokeza: mshono wa mshona mahema, umepinda kidogo, wa mtu aliyejifunza kwa kutazama.

Kumbe zile jioni zote, bibi na viazi vyake, alikuwa akiitazama mikono yangu. Nilikasirika upya, safari hii naye. Angesema neno moja tu pale mlangoni! Nami ningesema samahani, neno ambalo sikuwahi kumwambia. Sasa mawe ya dagaa yamejengewa maduka, kaniki havai mtu, na wa kumwomba radhi hayupo.

Niliondoka na ile nusu ya kaniki. Shangazi bado anapiga simu, wala sipokei. Mikono ina kazi: nimekata maua mapya, nayashona juu ya kaniki ile. Nimefika ua la saba.