Njano kwa Njano

Bi Waya alifika kwenye kituo cha kupozea maziwa akiwa hoi, na kazi yenyewe ilikuwa bado haijaanza. Uchovu wake alitoka nao nyumbani. Mama yao alikuwa mtu wa kugeuzwa kitandani, kunyweshwa, kubadilishiwa shuka, na usiku ndio wakati aliopenda kuita. Mwana wa kuitika alikuwa mmoja tu. Mdogo wake, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda, alipata kazi mji mwingine akaenda zake. Siku ya kuagana dada mtu alimwambia, "Ukitoka mlango huu usikanyage tena hapa!" Tangu siku hiyo hakupokea simu zake, na jumbe za sauti alizotumiwa zilirundikana kwenye simu bila kufunguliwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, alipenda kusema Bi Waya, na kwa aliye mbali hata kanda lenyewe halionekani.

Kitu kimoja tu alikipokea kutoka kwa ndugu yake, nacho ni kebo. Wote wawili walikuwa mafundi, karakana walifungua pamoja, na mwenye mkono mwepesi wa kuchomelea nyaya nyembamba alikuwa Kitinda. Kebo yao ya zamani ya kuunganishia laptopu na mitambo ilikuwa imechakaa, naye huko aliko akatengeneza mpya, akaituma kwa basi. Bi Waya aliitia kwenye mkoba bila hata kusema asante, ikakaa humo bila kutumika. Kununa ni kununa, lakini kebo nzuri haitupwi.

Asubuhi hiyo msimamizi wa kituo alikuwa akimsubiri mlangoni, mikono kiunoni. Tangi lilikuwa limejaa maziwa ya wafugaji na mashine ya kupoza imegoma.

"Mashine yenyewe nzima," alisema. "Hicho kisanduku chako ndicho hakiiambii iwake. Ikifika jioni haya maziwa yameharibika yote, na wafugaji watanitafuna mimi."

Kisanduku kilikuwa na ukubwa wa tofali, kimefungwa ukutani, na ndani yake mna kompyuta ndogo ya Linux isiyo na kioo wala kibodi. Siku njema hakuna anayeikumbuka. Siku ikichafuka, njia ya kuzungumza nayo ni vipini vitatu kwenye bodi yake: cha ardhi, cha kutuma na cha kupokea. Unavichomeka nyaya tatu, upande wa pili unachomeka laptopu, na kisanduku kinakueleza kwa maandishi kinachokiuma. Sharti ni moja na kila fundi analijua: anachotuma huyu ndicho apokee yule. Ukiunganisha kutuma kwa kutuma, wote wawili wanasema na hakuna anayesikia.

Katika karakana yao kutuma kulikuwa njano, kupokea kijani. Walitia doa la rangi kwenye kila kipini, wakachagua nyaya za rangi zilezile, na wakati wa kuchomeka walipishanisha: njano kwa kijani, kijani kwa njano. Bi Waya alikuwa ameifanya kazi hiyo mpaka mikono ilimtangulia. Akaitoa ile kebo mpya, akapishanisha, akawasha, akakodolea macho laptopu.

Kioo kikabaki cheusi.

Akabadilisha kasi ya mawasiliano. Hakuna kitu. Akakagua waya wa ardhi, umeshika vizuri. Akazichomoa zile nyaya mbili, akagusanisha njano na kijani zenyewe kwa zenyewe, akapiga herufi kwenye laptopu. Herufi zikaenda, zikarudi, zikatokea kiooni. Basi kebo haikukatika popote, na mgonjwa lazima awe kisanduku. Akachomeka tena vilevile, akasubiri, kope zikamwangukia akiwa amesimama.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema msimamizi nyuma yake. "King'oe tu. Tuagize kingine."

"Kitafika lini?"

"Kesho kutwa, wakijitahidi."

"Na maziwa?"

Msimamizi akaenda kulipapasa tangi kuona joto lake.

Bi Waya aliikunja kebo ile mkononi, na ndipo alipogusa kitu. Katikati palikuwa na uvimbe uliofunikwa kwa mpira mweusi. Kebo zao hazikuwa na uvimbe. Aliyejua kilichomo humo alikuwa mtu mmoja tu duniani, na Bi Waya akakaa juu ya kopo la maziwa lililofudikizwa, akazungusha simu viganjani kama ina miiba. Mtu mzima na hasira zake! Tangi likazidi kupata joto. Mwishowe akapiga.

Haikuita hata sekunde.

"Mama?" Kitinda alisema. Hakusalimia.

Bi Waya alichelewa kuelewa. Mdogo wake alidhani ni simu ya msiba. Dada yake asingempigia kwa jingine. Moyo ulimuuma, ukamuuma kwelikweli.

"Mama yupo, ameamka salama," akasema upesi. "Ni kebo."

"Kebo. Dada, umenitisha."

"Pole. Kisanduku cha maziwa hakisemi. Hapa katikati umefunika nini?"

"Nimepishanisha humohumo ndani. Wewe unachomeka njano kwa njano, kijani kwa kijani, basi. Najua hulali, nikaona nikupunguzie jambo moja la kufikiria. Usiniambie umepishanisha tena."

"Nimepishanisha tena."

"Basi umeifumua kazi yangu. Lakini nilikueleza, dada. Kwenye ujumbe wa sauti."

"Ngoja nijaribu," alisema Bi Waya, akakata.

Njano kwa njano, kijani kwa kijani. Maandishi yakamiminika kiooni. Kisanduku kilikuwa hai tangu asubuhi, kikilalamika peke yake: kumbukumbu za joto la maziwa zilijaza nafasi yote, hakikupata hata pa kuanzia kazi. Akafuta za zamani, akakiwasha upya. Mashine ikakohoa, ikanguruma. Msimamizi akachota maziwa kidogo, akaonja, akacheka.

"Nilijua tu kitapona!" alisema, yuleyule aliyetaka king'olewe.

Bi Waya alitoka nje, akaegemea ukuta, akaufungua ule ujumbe. Ulikuwa wa miezi kadhaa.

"Dada, kebo imefika? Njano kwa njano, usipishanishe. Halafu kuna jingine. Kazini wamenipa nafasi ya kuwa wiki mbili huku, wiki mbili huko. Nikija, usiku wa mama ni wangu, wewe ulale. Ila ulinikataza kukanyaga hapo. Ukikubali nijibu neno moja tu. Nikiona kimya, nitajua bado hutaki."

Alizikumbuka shuka zote alizofua huku akimlaani. Machozi yakamtoka, na hasira yote safari hii ilikuwa juu yake mwenyewe. Akapiga tena.

"Kimewaka?" aliuliza Kitinda.

"Kimewaka. Ile nafasi uliyosema... bado ipo?"

"Nilisubiri, dada. Wakampa mtu mwingine. Lakini naweza kuwauliza tena."

"Waulize," alisema Bi Waya. "Ukipiga nitapokea."