Waya Niliopitisha Mshazari, Wao Wanauita Laana

Leo ni Jumapili, mwezi wa nane, na nimehesabu tena: miaka thelathini na moja tangu nitoke katika nyumba ya baba yetu huko Kaaga, Meru. Nina miaka sabini na miwili. Naishi chumba cha kupanga Majimbo, Embu. Nilikuwa fundi wa stima. Admin, ficha jina langu.

Sikuondoka kwa hiari. Baba alipokufa ghafla, mdogo wangu alisimama mbele ya ukoo akasema nilimlaani mzee. Hakuna aliyenitetea. Nilibeba vitabu vyangu na koleo, nikaenda.

Stima ya nyumba ile niliiweka mimi, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Waya ndani ya ukuta hupitishwa wima au mlalo kutoka kwa swichi au soketi, ili atakayetoboa baadaye ajue pa kuepuka. Siku ile waya ulikuwa unaniishia. Nikaupitisha mshazari, kutoka sanduku la fyuzi juu ya mlango hadi soketi ya chini karibu na dirisha, nikapiga plasta. Sikumwambia mtu.

Wiki iliyopita mdogo wangu alileta fundi wa kutundika TV. Fundi alikaa mbali na soketi, mbali na sanduku, akatoboa katikati ya ukuta. Hakuzima swichi kuu, hilo ni kosa lake. Alirushwa kutoka kwa ngazi, akavunjika mkono.

Mdogo wangu akanipigia simu, mara ya kwanza tangu nifukuzwe.

"Umefurahi sasa? Ukuta wako umemrusha mtu."

"Amerushwa na stima. Nilipitisha waya mshazari. Zimeni swichi kuu, halafu mchore mstari kutoka kwa..."

"Wacha hadithi! Fundi mwenyewe amesema hapo hapawezi kuwa na waya. Ni kile kitu uliacha. Kuja uteme asali kwa huo ukuta, utoe laana."

"Na nisipokuja?"

"Jumamosi tunatoboa. Mtu akikufa, ni wewe."

Nyuma yake nikamsikia mkewe: "Mwambie asisingizie uzee, asali haihitaji meno!" Wakacheka.

Nilichora ukuta ule wote kwa vipimo ninavyokumbuka, mstari wa waya kwa kalamu nyekundu, pamoja na bomba la maji la bafu lililo upande wa pili. Nikawatumia picha. Jibu lilikuwa moja: "Usitutumie hirizi kwa simu." Kisha wakaniblock.

Siwapendi, sitawadanganya. Lakini nimesikia kwa jirani kwamba mafundi wa mtaa wamekataa kazi ile, na atakayeshika mashine ya kutoboa Jumamosi ni mwana wa mdogo wangu. Nilipoondoka alikuwa na miaka sita, nami ndiye niliyemfundisha kusoma. Kwetu anayetema asali ni yule aliyelaani, kwa hiyo nikienda nitakuwa nimekiri mbele ya ukoo kwamba nilimuua baba. Tena baada ya asali hawatazima chochote. Watatoboa palepale kwa imani, na waya bado uko.

Nishaurini, ninyi mnaojua kusema na watu walioziba masikio: nitamfikishiaje kijana huyo ule mchoro kabla ya Jumamosi, na nimwambie nini ili auamini? Msiniambie niende mwenyewe. Sirudi.