Habari Njema kwa Mama Eliya

Juzi, stendi ya Bomang'ombe, nilimwona mama mmoja ameifunga Biblia kwenye kanga, nikamkumbuka mama yangu alasiri moja ya utoto wangu kule Mwika.

"Twende tukampelekee Mama Eliya habari njema," aliniambia.

Mama Eliya alikuwa jirani yetu, Mlutheri. Mwanawe alikuwa amevukia Kenya kupitia Tarakea kutafuta kazi, na tangu hapo hakusikika. Sikujua bado kwamba sisi Wakatoliki, kama wao Walutheri, Injili tunaiita pia Habari Njema. Nilidhani Eliya amepatikana. Nikatangulia mbio kwenye migomba, harufu ya maganda ya kahawa ikinijaa puani.

"Shikamoo, Mama Eliya! Mama anakuletea habari njema!"

Sufuria ilimponyoka. Alitoka peku, akamshika mabegani mama aliyekuwa ndiyo anaingia uani. "Amerudi? Yuko wapi mwanangu?"

Mama alinitazama, akamtazama yeye. "Pole, Mama Eliya, sivyo. Nilikuja tusome Injili."

Mama Eliya aliketi palepale uani, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Mama hakuifungua Biblia. Aliketi naye mpaka akatulia, kisha akachukua mundu, akamkatia ng'ombe wake majani.

Njiani nilimuuliza, "Mbona hukumwambia hiyo habari?"

"Kesho tutarudi, mwanangu," alisema.

Eliya hakurudi. Kesho yake, baada ya alasiri ile, mama alikwenda tena, na Mama Eliya akamkaribisha jikoni. Walimenya ndizi, Biblia ikiwa bado imefungwa kwenye kanga ya mama, nami nikakaa karibu na moto, nikingoja waanze kusali.