Roshani Aliyoichagua Raelene

Mke wangu Raelene ana wivu, na sisemi hivyo kwa kumsengenya. Yeye mwenyewe atakwambia ukimkuta jikoni. Mimi hanionei wivu hata kidogo; miaka yote niliyoendesha lori la kondoo hakuwahi kuniuliza nimelala wapi. Wivu wake wote ameuweka kwa mtu mmoja, mdogo wake Glenys, na wanachogombea ni mama yao.

Mama Enid anaishi nasi hapa Dubbo, mji wa Australia ulio mbali na bahari, tangu alipouza shamba. Raelene ndiye anayemkata kucha, anayempeleka kwa daktari, anayejua kwamba chai yake hutiwa maziwa kwanza. Anavijua na vituko vyake vyote. Kila Januari tukimpeleka ufukweni, mama hugeuza kiti chake akaipa bahari mgongo na kutazama maegesho. "Naangalia magari," husema, nasi hucheka.

Glenys anakaa mbali, kwenye mji wa pwani wa Gold Coast. Huja Krismasi akiwa na paja la nguruwe na nywele za rangi mpya, na mama huwa ameshasimama mlangoni. "Glenys wangu huyo!" Raelene hajawahi kuitwa Raelene wangu. Huitwa Raelene, na mara nyingi ni kwa sababu miwani haionekani. Nimemwona akilikatakata lile paja la nguruwe kana kwamba lina kesi naye.

Basi mama alipokaribia kutimiza miaka themanini na tano, ukoo mzima ukaamua kupanda meli kutoka Sydney kwenda kuzunguka visiwa vya Kaledonia Mpya. Dada hao wawili wakaanza kuvutana mama alale na nani. Mama akasema, "Acheni kelele. Tukifika nitaviona vyumba vyenu, kitakachonifaa ndimo nitakamolala." Alidhani amemaliza ugomvi. Kumbe ndiyo kwanza ameumwagia petroli.

Raelene aliitandaza ramani ya meli juu ya meza ya jikoni, na kuanzia hapo tukawa tunakula tumeshika sahani mkononi. Alinisomesha kama mtoto wa shule. Chumba kisiwe chini ya bwawa la kuogelea, maana alfajiri wahudumu huburuta viti. Kisiwe juu ya ukumbi wa muziki. Kisiwe mbele, huko meli hurukaruka. Kiwe katikati, juu, na roshani yake iwe ya kioo, siyo ya bati.

"Mama akikaa tu kwenye kiti, bahari yote anaiona bila kuinua shingo," alisema.

"Na mimi nitalala wapi?"

"Kwa wajukuu. Na ukome kukoroma, utawatia wazimu watoto wa watu."

Ndipo Glenys akapiga simu. Sauti yake ilijaa jikoni. "Dada, mambo ya meli mimi siyajui. Nichagulie na mimi chumba chenye roshani. Wewe ndiye mwenye akili."

Raelene alinitazama. Kidole chake kikashuka kwenye ramani, sitaha moja, nyingine, kikasimama kwenye safu ambako mashua za kuokolea zimetundikwa.

"Kipo kimoja kimetulia sana, mdogo wangu."

"Bahari inaonekana?"

"Inaonekana, kwa mwenye kutaka kuiona."

Alipokata simu nikamwambia, "Raelene, hapo ukifungua mlango si unatazamana na tumbo la mashua?"

"Kaomba roshani, nimempa roshani."

"Huo ni uchawi, mke wangu."

"Uchawi ni wake yeye! Kila Krismasi ananinyang'anya mama yangu mlangoni kwangu, kwa paja la nguruwe! Safari hii tu, Mervyn. Safari hii tu nichaguliwe mimi."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Na mimi simpendi sana Glenys. Miaka yote hii ananiita "dereva".

Siku ya safari tulipanda meli kwa msukumano, wajukuu wakakimbilia aiskrimu, na mama akakalishwa ukumbini anywe chai. Meli ilipokwisha kupita lango la bandari, Raelene hakumpa mtu nafasi. Alimshika mama mkono akampeleka chumbani kwake, nami nyuma na mikoba. Kitandani alikuwa ameshaweka shali ya mama na mto wake wa nyumbani. Akavuta pazia kwa mbwembwe.

"Haya, mama. Karibu."

Bahari ilikuwa pale, yote, mpaka inapokutana na mbingu. Kwa kweli palipendeza. Mama alikwenda mpaka mlangoni, akashika mwimo, asikivuke kizingiti.

"Ukingo wake uko wapi?"

"Ukingo wa nini, mama?"

"Wa haya maji."

"Hayana ukingo, mama. Ndiyo raha yake!"

Mama akarudi nyuma kinyumenyume mpaka akagusa kitanda, akaketi. Aliomba mkoba wake, akaupakata. "Twende kwa Glenys," alisema.

Glenys tulimkuta amevimba. "Dada, hebu njoo uone ulichonichagulia! Nimesafiri kuja kutazama bahari, natazama tako la mashua!"

Na ni kweli. Nje ya roshani ilining'inia mashua kubwa ya manjano, imeziba kila kitu, bahari ikichungulia kidogo tu pembeni. Raelene aliuma mdomo asicheke. Lakini mama alimpita Glenys, akatoka mpaka roshani bila kushikwa mkono, akavuta kiti akakisogeza karibu na ile mashua. Aliikagua kamba, akakagua na vyuma vilivyoishikilia.

"Hii ikishushwa inabeba watu?"

"Wengi tu, mama," Glenys alisema.

"Hata mzee?"

"Wazee ndio wa kwanza."

Mama akashusha pumzi. "Siku ile Lindsay anazama kwenye bwawa la kunyweshea kondoo, hatukuwa hata na ubao wa kumtupia. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni." Lindsay alikuwa kaka yake. Jina hilo lipo kwenye picha moja ukutani kwetu, naye huwa halitaji. "Nitalala hapa. Usiku nikiamka, niione."

Kisha mama akauliza, "Glenys, nani alikuchagulia chumba hiki?"

"Huyo hapo, muulize mwenyewe!"

Mama akamgeukia mke wangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nilijua tu. Nani mwingine angekumbuka kwamba bahari huwa naipa mgongo? Raelene wangu."

Raelene aliitazama mikono ile miwili. "Ndiyo, mama," alisema mwishowe. "Nilikumbuka."

Glenys alimtazama dada yake, akaitazama mashua, kisha akanitazama mimi. Nikajifanya nasoma karatasi ya maelekezo ya hatari ya moto nyuma ya mlango. Uso wake ulikuwa umebadilika, naye akasema taratibu, "Mimi hujawahi kuniambia habari za Lindsay, mama." Ule uso naujua. Nimeishi nao jikoni kwangu tangu nioe.

Nikarudisha begi langu kwenye chumba kizuri. Raelene alikuwa ameshakaa roshani, ila kiti alikuwa amekigeuza kikatazama ukuta.

"Kaniita wangu," alisema.

"Nimesikia."

"Na kalala kwa Glenys."

Nikakaa kando yake. Maji yalikuwa mengi kweli, na sisi wawili hatukuwa na haja nayo.

"Saa hizi wanazungumza," alisema. "Anamsimulia yeye habari za Lindsay. Mimi namwosha miguu kila jioni, hajanisimulia." Alijifuta pua kwa ile shali ya mama. "Mervyn, nenda mapokezi ukaulize kama kuna chumba kingine nyuma ya mashua. Hata kiwe kidogo, mradi mama ahamie. Waambie una mke anayeogopa maji."