Nembo ya Mama Povu

Mama Povu alikuwa mjane aliyepika sabuni za vipande katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka tisa karatasi zake za kufungia zilikuwa na picha ya mkono uliojaa povu. Mkono huo aliuchora shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa mabango.

Biashara ilipopanuka, ule mkono ukaanza kumtia aibu. Mwenzake mmoja wa sokoni akamwonyesha tovuti ya mashindano ya nembo. Unaandika unachotaka, wachoraji usiowajua wanakuletea michoro, unamlipa mshindi peke yake, tena kwa bei ya kutupa. Waliobaki wanaambulia patupu.

"Shemeji, kwani mimi nimekufa?" fundi aliuliza aliposikia.

"Kazi yako ni ya ukutani," akamjibu mbele ya wateja. "Mimi nataka ya kisasa."

Wateja wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, akaaga.

Mama Povu aliandika sentensi moja tu: nataka nembo nzuri ya sabuni. Siku nne baadaye alikuwa na michoro arobaini na mitatu, akajiona malkia anayeletewa zawadi. Kila mmoja aliupa nyota na neno. Wa birika linalomimina povu aliupa nyota moja, akaandika: "Huyu alichora amefumba macho." Ushindi akaupa mchoro wa tone la maji lililokumbatiwa na majani mawili, kisha akachapisha karatasi elfu nne.

Mzigo wa kwanza ulikwenda kliniki ya wazazi. Baada ya wiki mbili muuguzi mkuu akamwita. Mezani palikuwa na kipande cha sabuni, na kando yake kopo la dawa ya kuua mende. Tone lile lile, majani yale yale.

"Mama, wazazi wamegoma kuitumia kuogeshea watoto," muuguzi alisema kwa upole. "Wanauliza kama tunawaona watoto wao ni wadudu."

Mama Povu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alibeba katoni zake mwenyewe kupita wodini, kina mama wakimsindikiza kwa macho.

Alimwandikia mshindi, ukurasa wake ulikuwa umefutwa. Wenye tovuti wakamjibu kwamba kuhakikisha mchoro si wa wizi ni kazi ya mteja, na kwamba masharti hayo aliyakubali. Kweli aliyakubali. Hakuyasoma.

Siku tatu alijifungia ndani. Ya nne akaenda kwa shemeji yake, maneno ya kuomba radhi ameyapanga njiani. Yakamkauka mlangoni. Ukutani, kati ya vibao vya maduka, lilibandikwa lile birika linalomimina povu.

"Ni wewe?" akauliza.

"Nilitumia jina la uongo. Niliona ukijua ni mimi hutaangalia."

"Na yale maneno niliyoandika…"

"Niliyasoma."

Akakaa juu ya ndoo ya rangi, akajifunika uso kwa kitenge. Alilia kwa aibu, si kwa hasara. Wale arobaini na wawili aliowacheka kumbe walikuwa watu, na mmoja wao alikula mezani kwake kila mwisho wa wiki.

Fundi alisubiri amalize. "Lakini birika kweli halikufaa, shemeji. Nilichora bila kukuuliza kitu, kama wenzangu wote. Haya, niambie. Nani hasa ananunua sabuni yako?"

Walizungumza mpaka mchana ukapita, yeye akijibu bila kuinua macho. Nembo mpya ilichukua mwezi mzima, naye akailipia kama mteja yeyote. Karatasi za lile tone akazibandua moja moja kwa kucha zake.

Kliniki ilimpokea tena mwaka uliofuata. Hata hivyo, wapo kina mama ambao bado huinusa sabuni yake kwanza kabla ya kumgusa mtoto, naye akiwaona hujifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.