Mama Simu Hataki Kupumzika

Aliyepiga simu ofisi ile ya serikali aliijua sauti ya Mama Simu kabla hajamjua mwenyewe. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na fundi aliyekuja kubadilisha taa alishtuka kumkuta gizani akicheka na watu kwenye simu.

"Taa ni yako, mwanangu," alimwambia. "Mimi washa, zima, yote sawa."

Alizaliwa haoni. Shule ya wasioona ilimfundisha kupiga taipu na kuendesha swichibodi, na tangu usichana wake kazi ilikuwa hiyo: kupokea simu na kuziunganisha. Kwa "halo" moja tu alijua nani kaamka vibaya.

Kisha ukaja mkakati wa taifa wa mageuzi ya kidijitali. Mabango yakabandikwa korido nzima. Mama Simu alinusa gundi, akamwuliza mfagiaji yanasema nini.

"Yanasema huduma zote zinahamia kwenye kompyuta, na kila mtumishi atafundishwa."

Kila mtumishi! Mama Simu akafurahi. Wiki haikuisha, akaitwa na bosi wa utumishi, mtu mpole aliyekuwa na tabia ya kushusha sauti akiongea naye, kana kwamba amefiwa.

"Mama, swichibodi inaondolewa. Simu zitapokelewa na mashine. Mafunzo haya yote ni ya kutazama skrini, sitaki usumbuke. Kaa nyumbani upumzike, mshahara utaendelea mpaka tuone la kufanya."

Alishukuru. Njiani, ameshika kiwiko cha mdogo wake aliyekuja kumchukua, akamsimulia yote. Mdogo wake alikuwa mshonaji, wakiishi pamoja vyumba viwili, na mdomo wake haukujua likizo.

"Si uzuri huo, dada? Ulipwe umelala!"

"Nani kakwambia nina usingizi?"

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye ukumbi wa mafunzo, kiti cha mbele. Mkufunzi, kijana mwenye sauti ya haraka, alianza: "Shikeni kipanya, sogezeni mpaka pale mnapoona alama ya bluu..." Akamwona. Akaweka kipanya chini.

"Endelea tu, mwanangu," akasema Mama Simu. "Ila hiyo bluu mimi sina. Niambie kingine."

Watu wakacheka, mkufunzi naye akacheka kwa afueni. Akasema ipo programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Aliwahi kuisikia, hajawahi kuitumia. Wakati wa chai alihangaika nayo mpaka ikaingia, akamvisha hedifoni.

Kumbe sauti yenyewe ilikuwa ya mgeni. Kiswahili ilikitafuna vibaya: "ndugu" ikawa "en-dugu", na "ng'ombe" ndiyo usiseme. Mama Simu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi, vikikumbuka taipu ya shuleni, na jioni hiyo aliandika mistari mitatu, akaisikiliza ikisomwa na yule mgeni wake, akaona imenyooka.

Mafunzo hayakuwa mteremko. Siku walipofungua mfumo mpya wa ofisi, ule ambao wananchi wangeombea huduma, sauti ilimwambia "kitufe". Akabonyeza kushuka kwenye kinachofuata. "Kitufe." Tena, "kitufe." Waliotengeneza hawakuvipa majina, maana mwenye macho huona picha zake. Alivua hedifoni, na kwa mara ya kwanza akafikiria kwamba labda bosi alisema kweli.

Mkufunzi ndiye aliyekataa kukata tamaa. Walikwenda pamoja kwa bosi, naye akaomba kusikiliza mwenyewe. Alisikiliza kwa muda mrefu, kiti kikilia chini yake.

"Sikulijua hili," akasema, na safari hii hakushusha sauti. "Mimi nilidhani nakuhurumia, mama."

"Najua, baba. Ndiyo maana sikukugombeza."

Bosi akawapigia watengenezaji wa mfumo hapo hapo. Marekebisho yalichukua miezi. Vitufe vilipata majina, ingawa kimoja walikikosea, kikaitwa "picha mbili" mpaka leo. Mama Simu alikariri tu kwamba hicho ndicho cha kutuma.

Swichibodi ilibebwa na vibarua wawili, na siku hiyo alilia kidogo, mkono juu ya meza iliyobaki tupu.

Baada ya hapo ikaja barua pepe, kwa jina lake. Maisha yake yote barua zake zilisomwa na wengine, hata za daktari, hata ile ya mwanamume aliyetaka kumwoa. Alivaa hedifoni. Mgeni wake akamsomea, akitafunatafuna: amepangiwa dawati jipya, kuwasaidia kwa simu wananchi wanaokwama kwenye mfumo. Kati ya waliomzunguka hakuna aliyejua ila yeye. Akairudia, polepole.

Jioni, mdogo wake alimtazama akila.

"Mbona unatabasamu peke yako? Kuna nini?"

"Kuna barua."

"Nani kakusomea?"

Mama Simu akaomba maji, akanywa bila haraka, huku mwenzake akigongagonga meza kwa kukosa subira. "Mimi mwenyewe," akasema.